Sajini Meja Si Meja

Ngara

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa barazani, jua la asubuhi linanipiga miguuni, na mkweo Sylvester amekwenda kuangalia migomba yake kama anavyofanya kila siku tangu alipostaafu. Nyumba imetulia. Nimeona niutumie utulivu huu kukueleza jambo ambalo nilipaswa kukueleza ukiwa hai.

Wiki iliyopita alikuja kunitembelea Adelina, niliyesoma naye chuo cha ualimu. Wewe hukuwahi kumwona. Tulikula, tukacheka, tukawakumbuka wenzetu waliotangulia. Alipokuwa anaaga akawageukia wajukuu wangu, akawaambia, "Nyinyi msome kwa bidii. Baba yake bibi yenu alikuwa Meja jeshini."

Mjukuu wangu mkubwa akanitazama. "Bibi, wewe ulituambia alikuwa sajini meja."

"Si ndiyo hiyo hiyo?" Adelina akasema.

Nikamwambia siyo hiyo hiyo, na nikawaeleza tofauti yake kama ulivyonieleza wewe. Adelina akasikiliza kwa heshima, kisha akauliza swali alilokuwa na haki ya kuliuliza: "Sasa mimi hilo la Meja nililitoa wapi?" Nikasema labda amesahau. Alikuwa hajasahau, Baba. Alilipata kwangu. Tangu alipoondoka sijatulia, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Wacha nianze kule kwetu Runazi, Biharamulo. Ulistaafu jeshi muda mfupi kabla ya watu kuhamishiwa vijijini, na tulipopangiwa kiwanja kwenye kijiji kipya cha ujamaa, jirani yetu wa upande wa chini alikuwa Masanja, aliyetoka Shinyanga na ng'ombe wake na watoto wake saba. Watu wa pale hawakumfurahia. Walisema Wasukuma watamaliza majani. Wewe ulimwonyesha penye maji, ukamsaidia kufunga paa, na tangu siku hiyo hamkuachana. Baadaye kijiji kilimchagua yeye kuwa mwenyekiti, lakini wewe uliendelea kumwita Masanja, jina tupu, kama mtu anavyomwita ndugu aliyenyonya naye.

Yeye alikuita Meja. "Meja umeamkaje? Meja, mahindi yako yanasemaje?" Nawe ulimsahihisha kila mara, bila hasira, kama mtu anayeondoa jani lililoanguka kwenye uji.

"Mimi ni sajini meja, Masanja. Meja ni mtu mwingine, ni afisa. Mwalimu mkuu wa shule yetu ni nani?"

"Ni mwalimu."

"Umewahi kumwita Mkuu ukadhani ni mkuu wa wilaya?"

"Hapana."

"Basi neno la kwanza ndilo mtu mwenyewe. La pili linamwelezea tu. Mimi ni sajini, mkubwa wa masajini. Hilo 'meja' linasema ukubwa wangu ni wa wapi, halinitoi kwa wenzangu."

Masanja aliitikia kwa kichwa, na kesho yake akapita uani akasema, "Meja, shikamoo ya jana hukuiitikia vizuri." Alijua anachokifanya. Alikuwa anakutania, na ulijua kwamba anakutania.

Unakumbuka nilipokuwa darasa la saba, mwalimu alipotupa kazi ya kuandika wingi wa majina ya kazi? Nilikuonyesha daftari ukiwa unachonga mpini wa jembe. Mwalimu mkuu, walimu wakuu. Mkulima hodari, wakulima hodari. Halafu, kwa kutaka kukufurahisha, nikaongeza la kwangu: sajini meja, masajini mameja. Uliweka panga chini. Ulicheka mpaka Mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

"Mwanao ametupandisha vyeo wote kwa pamoja," ukamwambia, "tena bila kikao."

Kisha ukanikalisha. Ukaniambia kwamba kambini mlisema "sajini meja watatu wamefika," na maneno yote mawili yakabaki kama yalivyo. Wingi ulibebwa na maneno ya pembeni, yale "watatu" na "wamefika". Ukaniambia kuna sajini taji, ambaye zamani alivaa taji juu ya vile vipande vitatu vya mkononi. Taji lenyewe likaondoka na wakoloni, jina likabaki. Kuna koplo usu na luteni usu, na "usu" maana yake bado kidogo. Mama akauliza cheo chako wewe kwenye karatasi kiliandikwaje, ukasema Afisa Mteule Daraja la Pili, na sajini meja ni kazi uliyoifanya ukiwa na cheo hicho.

"La pili," Mama akasema. "Basi ulimzidi wa daraja la kwanza."

"Hapana, mama Leonida. Jeshini la kwanza ndilo la juu."

"Kumbe mnahesabu kinyume."

Ukakubali kwamba mlihesabu kinyume. Ila neno "mteule" hukulifanyia mzaha. Uliniuliza linatoka wapi, nikasema linatoka kwenye kuteua. "Nani anateua?" Nikasema wengine. "Ndivyo," ukasema. "Mteule hajiteui." Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nililiandika kwenye daftari kama mfano wa sarufi, na sikuliona kuwa ni zaidi ya hapo.

Vita vilipoanza nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kumaliza kidato cha nne. Redio ilisema majeshi ya Uganda yamevuka mpaka, na ndani ya siku chache uwanja wa shule ukajaa wanaume wa Runazi, wa Nyantakara na wa Nyarubungo, wengine viatu hawana, wameshika bunduki za mbao. Uliitwa kuwafundisha. Mama alikufungulia sanduku, akatoa sare ambayo ulikuwa umeikunja mwenyewe siku uliyostaafu, na ilikupwaya kidogo kiunoni. Ile nembo ilikuwa palepale, kwenye mkono, chini, karibu na kifundo. Ya meja hukaa begani, ulituambia zamani. Ya kwako ilikaa pale mkono unapofanyia kazi.

Masanja, akiwa mwenyekiti, aliwaambia watu tuna bahati, Meja wetu mwenyewe atawaongoza vijana. Watu wakapiga makofi. Tulikuwa bado tunapiga makofi ilipofika Landrova ya jeshi, akashuka luteni usu, kijana wa umri wa kaka zangu, mwembamba, nyota moja kila bega. Ukasimama wima. Ukampigia saluti ambayo niliisikia mpaka upande wa wanawake tulikosimama.

Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Meja anampigia saluti mtoto?" Mwingine akasema bila shaka umeshushwa cheo kwa kosa fulani. Niliona aibu, Baba. Nakiri. Nilitamani yule kijana ndiye akupigie saluti wewe.

Jioni ile nilikuuliza. Ukasema hukumpigia saluti yeye, uliipigia ile nyota.

"Lakini yeye ni usu," nikasema. "Bado kidogo. Wewe umeshakomaa."

"Nimekomaa, ndiyo. Lakini yeye ni ndizi, mimi ni muhogo. Hata nikikomaa namna gani sitakuwa ndizi."

Siku ya tatu ya mazoezi niliwaletea maji, nikayaona kwa macho yangu yale uliyokuwa unayasema. Mvua ilikuwa imewapiga tangu asubuhi, na luteni alitaka waende mbio mpaka barabara kuu na kurudi. Wanaume walikuwa wanatetemeka. Ulimsogelea ukasema kwa sauti ya chini, "Afande, nashauri wapate chakula kwanza." Akakutazama, akatazama watu, akasema, "Wape chakula kwanza, Sajini Meja." Ukageuka ukatoa amri kwa ile sauti kubwa, na kila mtu uwanjani akajua luteni ameagiza watu wapewe chakula. Ushauri ulikuwa wako, sifa ukampa yeye. Wewe ulikwenda kusimama penye sufuria ya maharage, na hukula mpaka wa mwisho amepata.

Mlipoondoka, malori matatu yalipanga mstari mbele ya ofisi ya kijiji. Hukutuaga kwa maneno mengi. Ulimwambia Mama mbegu za maharage ziko kwenye kibuyu kipi, ukaniambia nimsaidie kupalilia. Masanja aliahidi kututazama, na alitutazama. Miezi yote ile hakuna asubuhi aliyopita bila kubisha hodi.

Ulirudi umekonda, shavu moja lina kovu jipya, na ndani ya mkoba wako kulikuwa na daftari la shule. Ndani yake uliandika majina ya watu wa kombania yako, kikosi ulichokwenda nacho vitani, ambao hawakurudi: jina, kijiji, jina la mzazi, na maneno machache. Wakati huo mimi nilikuwa nimeanza chuo cha ualimu na nilikuwa likizo. Mkono wako ulikuwa mzito kwenye kalamu, kwa hiyo ukaniomba niandike. Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta wa jikoni siku nane mfululizo, kutoka asubuhi mpaka wakati wa chakula. Jeshi lilikuwa limekwisha kuwapa habari wazazi wale, lakini ulisema habari ile ilikuwa fupi mno.

Uliniambia niandike kwamba fulani alikuwa anaimba akifua nguo. Kwamba fulani aligawa sigara zake ingawa hakuwa nazo nyingi. Kwamba fulani alizikwa na wenzake waliomjua, akaombewa. Ulikuwa unatafuta neno mpaka unalipata. Kuna barua moja ulishindwa kuimaliza, tukaiacha, tukairudia baada ya siku mbili.

Mwishoni mwa barua ya kwanza nilikuuliza nisaini vipi. Nilikuwa nimeandika jina lako tu, na chini yake "Mwanajeshi".

"Andika cheo chote," ukasema. "Sajini Meja wa kombania."

"Si ni barua ya faraja tu, Baba?"

"Mama huyu akimuuliza mtu yeyote aliyekuwa jeshini, ataambiwa sajini meja ni nani. Meja angeweza kuwa mbali, kwenye ramani zake, na si kosa lake, ndiyo kazi yake. Sajini meja alikuwa palepale. Ndiye aliyejua kijana kala au hajala. Huyu mama anataka kujua kama mtoto wake alikuwa na mtu karibu."

Niliandika. Niliandika neno hilo mara nyingi, kwa mkono wangu mwenyewe, nikijua lina uzito gani. Ndiyo maana yaliyofuata sina namna ya kuyatetea.

Nilirudi chuoni. Bweni letu lilikuwa na mabinti wa watu wakubwa, na jioni moja walikuwa wanazungumza juu ya baba zao. Mmoja alikuwa wa afisa kilimo wa mkoa, mwingine wa meneja. Adelina akaniuliza, "Na wako, Leonida?" Nikaanza kusema, "Wangu ni sajini," na kabla sijaendelea yule binti wa meneja akacheka akasema, "Aa, kumbe askari wa kawaida." Nikasema, "Nimekosea kusema. Ni Meja."

Ni hivyo tu. Sikubuni kitu. Niliangusha neno moja, lile la kwanza, ambalo ulinifundisha kwamba ndilo mtu mwenyewe.

Wakaniangalia vingine, nami nikapenda kuangaliwa vile. Nililirudia. Sylvester, aliyekuwa mwaka wa pili, alilisikia kwa Adelina, na tulipoanza kuzungumza aliniuliza, nikasema ndiyo. Naye akawaandikia watu wake Ngara kwamba amepata mchumba, mtoto wa Meja wa Biharamulo.

Siku ya posa unaikumbuka kuliko mimi. Walikuja watu sita, wakiongozwa na Mzee Bukuru, baba yake mdogo Sylvester, mrefu, mwenye fimbo. Masanja alikuwa amekaa kulia kwako. Mlizungumza Kiswahili, kwa sababu wao walikuwa na Kihangaza chao, nyinyi Kisubi chenu, na Masanja alibaki na Kisukuma chake peke yake. Nilikuwa nawanawisha mikono kabla ya chakula. Nilikuwa nimefika kwa Mzee Bukuru alipoanza.

"Tumetoka mbali," akasema, "tumekuja hapa kwa Meja, kuomba maji ya kunywa na mtoto wa kutuchotea maji hayo."

Ukauliza taratibu, "Mzee wangu, umesema mmekuja kwa nani?"

"Kwa Meja."

"Hapa hakuna meja. Mimi ni sajini meja mstaafu. Kama mmetumwa kwa meja, mmeikosea nyumba, na sitaki mle chakula changu mkidhani ni cha mtu mwingine."

Shangazi yake Sylvester alimnong'oneza jirani yake, lakini wote tulisikia: "Basi tumedanganywa." Sylvester aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimeshika jagi, na maji yalikuwa yanamwagika nje ya beseni, juu ya viatu vya Mzee Bukuru, sina habari.

"Nani aliwaambia?" ukauliza.

Nilifungua mdomo, Baba. Naapa nilifungua. Lakini Masanja alinitangulia.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyelianzisha hilo jina. Nimelisema hapa kijijini miaka yote mpaka limevuka limefika Ngara. Wazee wangu, mnisamehe. Aliyesema si mwenye nyumba, ni mimi jirani."

Ulimtazama kwa muda mrefu. Mimi nilifunga mdomo, nikachukua beseni, nikaenda jikoni.

Nikiwa jikoni nilimsikia Mzee Bukuru akiuliza, "Umesema sajini meja? Wa kombania?"

"Ndiyo."

Mzee Bukuru akaeleza kwamba mwanawe Fidelis hakurudi kutoka vitani. Zilikuja taarifa za serikali, akazisoma, akaziweka. Halafu ikaja barua nyingine, ndefu, iliyosema Fidelis alikuwa anagawana blanketi na mwenzake, na kwamba alizikwa penye mti na watu wanaomjua kwa jina. Aliyeiandika alisaini Sajini Meja. "Mke wangu analala nayo," akasema. "Ni wewe uliyeiandika?"

Nilisogea mlangoni. Niliomba useme ndiyo. Ungesema ndiyo, kila kitu kingekuwa sawa, na nani angejua?

"Hapana," ukasema. "Jina la mwanao halimo kwenye daftari langu. Huyo alikuwa sajini meja wa kombania nyingine. Ningependa awe mimi, lakini siye mimi."

Mzee Bukuru akaifuta fimbo yake kwa kiganja, akasema, "Mtu anayekataa shukrani isiyo yake, nitamwomba mtoto wake mara mbili." Akamgeukia shangazi. "Hatujadanganywa. Tumekuja kwenye nyumba tuliyokuwa tunaitafuta." Mkala. Mambo mengine yakaenda kama yanavyokwenda.

Lakini wageni walipoondoka ulimwambia Masanja, "Asante kwa kuja, Ndugu Mwenyekiti."

Tulidhani umesema kwa utani. Kesho yake ikawa hivyohivyo. "Habari za asubuhi, Ndugu Mwenyekiti." Hukugombana naye, hukumkatalia kitu, ulimpa jembe alipoliazima. Ila jina lake lilipotea mdomoni mwako. Msimu mzima wa mahindi ulimwita kwa cheo chake, mtu uliyekuwa unamwita Masanja mbele ya wakubwa wa wilaya. Naye aliacha kukuita Meja. Alikuita "Mzee". Nilikuwa nawasikia asubuhi mkisalimiana juu ya ua, Ndugu Mwenyekiti na Mzee, kama watu waliokutana ofisini, na sijawahi kusikia heshima inayouma kiasi kile.

Ningeweza kuikomesha kwa sentensi moja. Kila nilipokusogelea nilifikiria Mzee Bukuru, nikafikiria Sylvester, nikaona acha harusi ipite.

Harusi ilipita. Siku ya kuondoka kwangu, lori limewashwa, ulitafuta mtu wa kunisindikiza mpaka Ngara, kwa kuwa miguu yako ilikuwa imevimba. Uliwatazama ndugu zako wote waliosimama pale, ukawapita. "Masanja," ukasema, "mpeleke mtoto wetu."

Aligeuka kama mtu aliyeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Akapanda, akakaa karibu nami juu ya magunia, tukauvuka msitu. Hapo nikamwambia. Nikamwambia ni mimi, chuoni, kwa kinywa changu.

"Nilijua," akasema. "Niliyaona yale maji. Mtu asiye na hatia hamwagii mgeni maji viatuni."

"Mbona ulijitwika?"

"Baba yako alinipokea mimi na ng'ombe wangu siku ambayo wengine walitaka niende nisikokujua. Neno moja si mzigo."

"Lakini amekununia msimu mzima kwa ajili yangu."

"Amenuna, na leo ameniita." Akavuta blanketi begani. "Utamwambia mwenyewe, mwanangu, siku ukiweza. Mimi sitamwambia. Hilo ni lako."

Nilipata siku hiyo, Baba, nikaiacha ipite. Ni ile mara moja uliyokuja Ngara, nilipojifungua mtoto wa kwanza. Uliteremka kwenye basi na mkungu wa ndizi, kana kwamba Ngara hakuna ndizi, na kapu la viazi alilolifunga Mama. Nilikuwa nimepanga. Nilijiambia nitakuketisha, nitakupa uji, nitasema. Majirani wakaja kukusalimia kabla hujamaliza kunawa miguu. Walikuwa walimu wenzangu watatu na mama mmoja wa kanisani.

"Shikamoo, mzee," mmoja akasema. "Tumesikia ulikuwa mkubwa jeshini. Tukuiteje?"

Nilijua utasahihisha, utaeleza juu ya sajini na meja, na neno la kwanza na la pili, na kwamba hapo itabidi nami niseme langu. Ulikuwa umempakata mtoto. Ulitazama chaki iliyokuwa bado kwenye mkono wa gauni langu, kwa sababu nilifundisha mpaka wiki ya mwisho.

"Hayo ya jeshi yamekwisha," ukasema. "Mimi ni baba yake Mwalimu. Niiteni hivyo."

Wakakuita hivyo siku zote nne ulizokaa. Baba Mwalimu. Ulikwenda nao sokoni, ulikwenda nao kanisani, na kila walipokuita uliitika haraka, bila kurekebisha chochote. Nami sikuweza tena kusema. Ulikuwa umekaa ndani ya jina hilo kwa raha kiasi kwamba niliogopa kulichafua. Ulirudi Runazi, na mwaka uliofuata Mama akatuma habari kwamba umelala na hukuamka. Masanja ndiye aliyewashika mkono wachimba kaburi akawaambia waweke ubao ulioandikwa Sajini Meja, herufi zote, na akasimama pale mpaka mchoraji alipomaliza. Sasa naye amelala, hatua ishirini kutoka kwako.

Kwa hiyo nasema leo. Ni mimi. Si Masanja. Yeye hakulifikisha neno lile Ngara. Utani wake ulikuwa wa kijijini, kati yake na wewe. Mimi nilikuonea aibu siku moja bwenini, nikalikata jina lako nusu, kisha nikamwacha rafiki yako abebe lawama, nikakuacha wewe umpoteze rafiki kwa msimu mzima. Naumia zaidi kwa hili la mwisho kuliko kwa yale mengine.

Jana nilimpigia simu Adelina. Nikamwambia hakusahau chochote, ni mimi niliyemwambia uongo tukiwa mabinti. Akauliza kwa nini namwambia leo, tumeshazeeka. Nikasema kwa sababu nimewafundisha watoto wa watu Kiswahili miaka yote hii, na neno hilo moja sikulisahihisha. Akacheka kidogo, akasema niwasalimie wajukuu, niwaombe radhi kwa niaba yake kwa kuwapotosha. Nikasema wa kuwaomba radhi ni mimi, na jioni niliwaita wote watatu, nikawasimulia yote, nikawaomba.

Mkubwa wao aliuliza kama wewe ulijua. Nikamwambia sijui. Akafikiri, akasema, "Mbona Ngara alikataa kuitwa sajini meja, bibi, na ndicho kilikuwa cheo chake kweli?" Nimekaa na swali hilo tangu jana, Baba. Nadhani ulijua. Nadhani ulijua tangu yale maji, ukamnunia Masanja kwa sababu amekudanganya kwa wema, na mimi ukanisubiri. Ukaja mpaka Ngara kunisubiri. Uliponiona siwezi, ukanivusha, ukajitafutia jina ambalo mimi singeweza kulipunguza.

Nisamehe. Nisalimie Mama, na ukikutana na Masanja, mwite kwa jina lake.

Ni mimi mwanao,
Leonida, yule Mwalimu wako